Jinsi ya Kuchagua Jina la Redio ya Wilaya na Kulijengea Utambulisho: Mwongozo kwa Kanda ya Kati

Mwongozo huu unawahusu wanaojiandaa kuanzisha redio ya wilaya au ya mkoa katika Dodoma na Singida, wawe kikundi cha kijamii, taasisi ya dini au mfanyabiashara. Unawahusu pia wenye redio ambayo tayari iko hewani lakini wasikilizaji wake huitaja kwa jina la mtangazaji, au kwa namba ya masafa, wakati jina lenyewe limebaki kwenye kibao cha mlangoni. Matangazo yalipoanza Dar es Salaam mwaka 1951, na kwa miaka mingi ya Radio Tanzania Dar es Salaam iliyofuata, msikilizaji wa Mpwapwa au Manyoni hakuwa na haja ya kukitaja kituo; alisema tu kwamba redio imetangaza, na waliomsikia wakaelewa. Vituo binafsi vilipoanza kuruhusiwa katika miaka ya 1990 hali hiyo ilikwisha. Leo dereva wa bajaji mjini Dodoma anahama kituo hadi kituo kwa kidole kimoja, na abiria aliyeketi nyuma yake huenda anasikiliza kituo kingine kabisa kwa simu yenye intaneti.

Msimamo unaoongoza hatua zote hapa chini ni kwamba jina la redio ni mali ya sikio kabla halijawa mali ya jicho. Majina mengi yanayoshindwa kushika yalichaguliwa na wajumbe waliokaa kikaoni wakiyatazama yamepigwa chapa kwenye karatasi, na hakuna aliyeyasikia yakitoka kwenye spika mbovu sokoni.

Hatua ya kwanza: tambueni mnaowatangazia na eneo mtakalofika

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu wapatao 411,000 katika iliyokuwa Manispaa ya Dodoma, na sensa ya mwaka 2022 ikahesabu zaidi ya 765,000 katika Jiji la Dodoma. Kati ya sensa hizo mbili, Julai 2016, Rais Magufuli alitangaza kwamba Serikali inahamia Dodoma, na tarehe 26 Aprili 2018 mji ukapewa hadhi ya jiji. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya watu mtakaowatangazia mjini hawakuwapo miaka kumi na tano iliyopita: watumishi wanaofanya kazi Mtumba uliko Mji wa Serikali, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma, mafundi ujenzi, na wachuuzi waliofuata wateja. Ukitoka mjini kilomita chache, mambo yanageuka. Huko utawakuta Wagogo wa Bahi na Chamwino, Warangi wa Kondoa, Wasandawe wa Chemba, Wakaguru wa upande wa Kongwa na Mpwapwa, na ukivuka mpaka wa mkoa, Wanyaturu na Wanyiramba wa Singida, ambao wengi wao waliikuta redio nyumbani kwa wazazi wao na wanaisikiliza kama chombo cha familia.

Jina linalochukuliwa moja kwa moja kutoka lugha ya kabila moja huwafurahisha wenye lugha hiyo siku ya uzinduzi, lakini huwaachia wengine wote swali la kama redio hiyo ni yao. Mkumbuke pia kwamba kanuni za utangazaji zinataka Kiswahili au Kiingereza viwe ndizo lugha za matangazo, kwa hiyo jina litakuwa linaahidi kitu ambacho vipindi haviwezi kukitimiza. Maoni yangu ni kwamba jina liwe la Kiswahili kinachoeleweka kwa mhamiaji na kwa mwenyeji, na ladha ya nyumbani iwekwe kwenye sauti, jambo ambalo nitalieleza kwa urefu mbele. Anayeona kwamba wilaya yake ni tofauti na anataka jina la kienyeji, basi angalau amwombe mgeni aliyehamia juzi alitamke mara tatu mfululizo, na asimsahihishe.

Upande wa eneo, leseni za maudhui zinazotolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) hutofautiana kwa ukubwa wa soko, kuanzia wilaya, mkoa hadi taifa. Jina la mahali lina faida ya kuonyesha mara moja kituo kiko wapi, kama Dodoma FM inavyofanya, na Dodoma ni jina pana kwa kuwa ni la jiji, la mkoa na la makao makuu ya nchi kwa wakati mmoja. Jina la kata au la tarafa halina upana huo. Siku mtakapopata leseni ya mkoa, msikilizaji wa Kondoa atajiuliza kwa nini asikilize redio yenye jina la kijiji cha Mpwapwa. Radio One na Clouds FM, ambazo majina yake hayajafungwa na mahali popote, hazikuhitaji kubadili chochote ziliposambaa mikoani. Kwa hiyo, kabla ya kwenda mbele, andikeni kwenye karatasi moja eneo mtakaloanza nalo na eneo mnalotaka kulifikia baada ya miaka kumi, kisha jina lipimwe kwa hilo la pili.

Hatua ya pili: kusanyeni majina mengi, kisha fyekeni

Anzeni na majina yasiyopungua ishirini. Vyanzo havikosekani katika kanda hii: mazao kama uwele, mtama, karanga, zabibu na alizeti, miti kama mbuyu na mkwaju, ala kama zeze na ilimba (ala ya vipande vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba), nyakati za siku, upepo, milima, na shughuli kama mnada. Msibishane katika hatua hii, kwa sababu kubishana mapema humfanya mwenye cheo kikubwa ashinde.

Baada ya hapo fyekeni bila huruma. Ondoeni majina yanayoanza na "Sauti ya", kwa kuwa nchi imejaa sauti, na yale ya nuru, amani, umoja na matumaini, ambayo hayamkeri mtu lakini pia hayamkai mtu kichwani. Ondoeni kila jina linaloashiria mamlaka ya dola, kama Bunge, Ikulu au Taifa, hata kama ofisi yenu iko jirani na mojawapo. Msajili ana uwezo wa kulikataa, na wasikilizaji watadhani ninyi ni idara ya Serikali. Jina la mwanzilishi nalo liondoke. Mwanzilishi huweza kugombea ubunge, na hapo redio itakuwa imemfuata jukwaani bila kupenda.

Ili hatua zinazofuata ziwe na mfano wa kushika mkononi, tuseme yamebaki majina matatu ya kubuni: Mtama FM, Redio Mbuyu na Zabibu FM.

Hatua ya tatu: lipimeni jina kwa sikio

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi na ndiyo inayostahili muda mrefu kuliko zote. Rekodini kila jina likitamkwa na sauti mbili, ya mwanamume na ya mwanamke, katika sentensi ya kawaida ya hewani, kwa mfano "Unasikiliza Zabibu FM, saa mbili kasoro dakika tano". Kisha mchukue rekodi hiyo na kuisikilizisha katika mazingira ambamo redio yenu itasikilizwa kweli.

Mazingira ya kwanza ni simu ya kitochi iliyowekwa juu ya meza ya muuza nyanya katika Soko la Ndugai, wakati watu wanapita na mikokoteni inagongana. Spika ya simu hiyo ni ndogo na haina besi, hivyo sauti nene ya mtangazaji mliyemlipa fedha nyingi inageuka kuwa nyembamba, na jina ambalo uzito wake wote uko kwenye herufi za mwanzo zisizo na mlio, kama "Mbw" au "Mpw", linameng'enyeka. Mazingira ya pili ni bajaji inayotembea, ambamo ngurumo ya injini hufunika sauti nene. Mazingira ya tatu, ambayo wengi hawayafikirii, ni simu ya kupigwa. Mawimbi ya FM hubeba sauti hadi kiasi cha hezi 15,000, lakini laini ya kawaida ya simu imezoea kubeba kati ya hezi 300 na 3,400 tu, na sehemu kubwa ya mlio unaotofautisha "s" na "f" uko juu ya hapo. Msikilizaji anapompigia ndugu yake na kumwambia afungue redio fulani, jina lenye herufi hizo mbili linaweza kufika likiwa jina jingine. Katika mifano yetu, Zabibu na Mtama yanapita vizuri kwa sababu irabu zake ziko wazi na konsonanti zake zinasikika hata kwenye laini mbaya.

Halafu kuna matamshi ya watu wenyewe. Katika kanda hii wapo wengi ambao "r" na "l" kwao hubadilishana nafasi kulingana na mahali walikokulia, kwa hiyo jina lenye herufi hizo zote mbili kwa karibu litatamkwa kwa namna nne, na si haki kumlaumu msikilizaji. Vivyo hivyo majina yenye "dh", "th" na "gh" hutamkwa na kuandikwa "z", "s" na "g" na watu waliosoma na wasiosoma. Redio iitwayo kwa jina la dhahabu itatafutwa mtandaoni kwa "zahabu", na mtakuwa mmempoteza mtu aliyekuwa tayari kuwasikiliza.

Lipimeni pia kwa mtu wa kulisambaza. Mwambieni mtu mmoja jina mara moja tu akiwa anafanya kazi nyingine, mwombeni baada ya saa chache amweleze mwenzake, kisha nendeni kwa huyo wa pili mkamwombe aliandike. Fanyeni hivyo Kibaigwa siku ya kupakia mahindi, fanyeni kwenye mnada wa Msalato siku ya Jumamosi, na mfanye kwenye korido ya ofisi moja ya Mtumba. Jina linalofika kwa mtu wa pili likiwa zima katika sehemu zote tatu lina maisha marefu mbele yake.

Jambo la mwisho hapa ni utani. Watanzania hawaliachi jina lipite bila kulichezea, na ni afadhali mlisikie dongo hilo kabla ya kuchapisha fulana. Redio Mbuyu ni jina zuri kwa macho, kwa sababu mti huo unaonekana kila upande wa barabara ya kwenda Iringa, lakini kila anayejua Kiswahili cha mjini anajua maana ya kuzunguka mbuyu. Siku kipindi chenu kitakapozungumzia rushwa katika zabuni za halmashauri, mchekeshaji wa kwanza kupiga simu atamaliza kipindi. Kwa sababu hiyo mimi ningeliondoa, ingawa najua wapo watakaosema utani huo huo ungeisaidia redio kukumbukwa.

Hatua ya nne: lipimeni kwa jicho na kwa mtambo

Redio nyingi za magari huonyesha jina la kituo kwenye kioo kwa mfumo wa data unaosafiri pamoja na mawimbi ya FM. Mfumo huo umelitengea jina la kituo nafasi nane tu, na nafasi tupu kati ya maneno nayo inahesabiwa. Mtama FM inatimiza nane kamili. Zabibu FM inafikia tisa, kwa hiyo itabidi maneno yaunganishwe au "FM" iachwe. Redio Mbuyu ina kumi na moja na itakatwa katikati. Wapo mafundi wanaolitembeza jina refu kipande kwa kipande kwenye nafasi hizo nane. Nawashauri msikubali, kwa sababu dereva hapaswi kusoma hadithi akiwa barabarani, na mfumo una mstari mwingine wa maandishi wenye nafasi 64 kwa ajili ya kaulimbiu, kipindi na wimbo unaopigwa.

Kisha liandikeni jina kwenye mtambo wa kutafutia mtandaoni na mtazame linachokuja nacho. Hapa Mtama FM, iliyofaulu hadi sasa, inakutana na tatizo: Mtama ni mji na jimbo la uchaguzi mkoani Lindi, na mtu anayeitafuta redio yenu atapelekwa kusini. Zabibu nayo italeta mapishi na bei za mche, lakini mapishi hayashindani nanyi kwa wasikilizaji. Jaribuni pia kulitamka jina kwa simu janja badala ya kuliandika, kwa kuwa vijana wengi sasa wanaiamrisha simu kwa mdomo, na muone kama simu inalielewa.

Amueni mapema kama mtaandika "Redio" au "Radio". Kiswahili sanifu ni redio, vituo vingi vinaandika radio, na vyote viwili vinaeleweka. Kisichofaa ni leseni kusema hivi, nembo hivi na ukurasa wa Facebook hivi. Kuhusu "FM", neno hilo bado linafanya kazi kwa sababu linamwambia mtu kwamba hiki ni kituo cha redio bila maelezo zaidi. Namba ya masafa ni suala jingine. Msiiweke ndani ya jina. Mkipata mtambo wa pili mlimani ili kuwafikia wa upande wa pili, na katika nchi yenye vilima kama hii mawimbi ya FM hukatwa kirahisi, mtapewa masafa mengine, na jina lenye namba litakuwa linasema uongo kwa nusu ya wasikilizaji. Namba ikae nyuma ya jina, kwenye jingo (sauti fupi ya kukitambulisha kituo) na kwenye bango, ambako inaweza kubadilika.

Siku hiyo hiyo mnapoliona jina linafaa, hata kabla ya kikao cha kulipitisha, fungueni akaunti za jina hilo kwenye mitandao yote mtakayotumia na mlipie kikoa, yaani anwani ya tovuti, cha .co.tz. Gharama ni ndogo na mtaweza kuziacha baadaye. Kusubiri kikao ni kumpa nafasi mjanja mmoja wa kuwauzia jina lenu wenyewe.

Hatua ya tano: lisajilini mahali panapostahili

Hapa watu huchanganya vitu vinne, na mkanganyiko huo huja kuonekana siku ya ugomvi. Jina la kampuni ni la mmiliki kisheria, na linaweza kuwa tofauti kabisa na jina la hewani. Jina la biashara ni lile ambalo mmiliki anafanyia shughuli. Yote mawili husajiliwa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA, kwa njia ya mtandao. Jina la kituo ni lile litakaloonekana kwenye leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano. La nne ni alama ya biashara au huduma, nayo pia husajiliwa BRELA chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, na ndiyo hasa inayowapa haki ya kumzuia mwingine asitumie jina au nembo inayofanana na yenu katika huduma zilezile. Wengi wanasajili la kwanza na la pili wakidhani wamejilinda. Hawajajilinda vya kutosha.

Utaratibu ninaoupendekeza ni kuanza na upekuzi wa majina BRELA, kisha kuulizia katika ofisi ya Kanda ya Kati ya TCRA iliyopo Dodoma kama kuna kituo chenye leseni kinachokaribiana na jina hilo, na baada ya hapo tu ndipo muombe usajili wa kampuni na leseni. Ombi la alama liende mara moja bila kusubiri uzinduzi. Katika mgawanyo wa kimataifa wa bidhaa na huduma, utangazaji uko daraja la 38, burudani na elimu daraja la 41, na matangazo ya biashara daraja la 35. Fedha zikiwa chache, anzeni na la 38. Ombi likikubaliwa hutangazwa katika jarida rasmi na watu hupewa siku 60 za kulipinga. Usajili wa kwanza hudumu miaka 7, na baada ya hapo huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Usajili wa Bara hauwalindi Zanzibar, ambako kuna ofisi yake.

Ngao ya Taifa, bendera na Mwenge visiingie kwenye nembo. Vina sheria yake tangu mwaka 1971. Na kama mtarusha matangazo mtandaoni pia, ulizeni TCRA kuhusu masharti ya Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni, kwa sababu leseni ya masafa haitoshi kwa kila kitu.

Hatua ya sita: lipeni jina sauti

Kwa redio, jingo ndiyo nembo halisi. Ile ya kuchorwa inaonekana mara chache, lakini kituo kinachojitambulisha mara nne kwa saa, kwa saa kumi na nane, kinalitaja jina lake mara 72 kwa siku, sawa na mara 26,280 kwa mwaka. Kitu kinachorudiwa kiasi hicho lazima kivumilike. Jingo ya sekunde ishirini yenye kwaya, ving'ora na mtu anayenguruma kama tangazo la ngumi itachosha kabla ya mwezi kwisha, na kwa bahati mbaya jingo za namna hiyo bado zinauzwa kwa wingi mjini.

Redio ya Taifa ilimfundisha kila Mtanzania somo hili kwa mlio wa ngoma unaotangulia taarifa ya habari. Hauhitaji neno lolote. Mzee aliyeko zizini akiusikia anajua ni saa ngapi na anajua ni redio ipi. Ninyi nanyi tafuteni sauti fupi ya aina hiyo, ya sekunde tatu au nne, inayoweza kusimama peke yake bila jina, kisha jina lifuate.

Hapa ndipo ladha ya nyumbani inapoingia. Kanda ya Kati ni tajiri kwa ala: zeze, ilimba, na ngoma za muheme ambazo kwa Wagogo hupigwa na wanawake. Hukwe Zawose, mzaliwa wa mkoa huu aliyefariki mwaka 2003, aliupeleka muziki huo kwenye majukwaa ya dunia, na msikilizaji wa hapa huutambua kwa mapigo mawili tu. Noti nne za ilimba zilizorekodiwa vizuri zina faida mbili ambazo kinanda cha kompyuta hakina: hazifanani na kituo kingine chochote kwenye masafa, na mlio wa vyuma vyake ni mwembamba na mkali, hivyo unapenya kwenye spika ya kitochi ambayo besi imeikataa. Mhamiaji kutoka Kagera hahitaji kujua Kigogo ili aukumbuke, na mwenyeji hahitaji kuambiwa umetoka wapi.

Lakini msiende kijijini na simu mkarekodi, mkashukuru kwa soda na kuondoka. Mpigaji ni msanii mwenye haki chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Andikeni mkataba mfupi wa Kiswahili unaosema rekodi itatumika wapi, kwa muda gani, kwa malipo gani, na kama mnaruhusiwa kuikata au kuichanganya na sauti nyingine. Kama ni kikundi, wasaini viongozi mbele ya mtendaji wa kijiji na kila mpigaji atajwe kwa jina. Rekodini zaidi ya mnachohitaji: taratibu, haraka, ala peke yake, ala na makofi, ili baadaye mpate jingo ya alfajiri, ya mchana, ya msiba na ya sikukuu kutoka chanzo kimoja. Jingo ya msiba husahaulika hadi siku inapohitajika, na ni aibu kubwa kituo kutangaza kifo kisha kuruka kwenye vigelegele.

Hatua ya saba: nembo, rangi na kaulimbiu

Nembo iwe rahisi kiasi cha kusomeka kwenye duara dogo la picha ya akaunti ya WhatsApp, na iwe na toleo la rangi moja kwa ajili ya muhuri na barua. Mlingoti wenye mawimbi yanayosambaa na kipaza sauti cha zamani viacheni, kila kituo kinavyo.

Rangi zinahitaji tahadhari ambayo wachoraji wa nje ya nchi hawaijui. Kijani na njano huku kwetu zitasomwa kama CCM au Yanga kulingana na msimu. Nyekundu na nyeupe ni Simba. Mkipaka zambarau, ambayo ingefaa sana kwa redio yenye jina la zabibu, kuna watakaoiona ACT-Wazalendo. Huwezi kuzikwepa rangi zote, ila mnaweza kuepuka ule mchanganyiko wa rangi mbili ambao tayari una mwenyewe, hasa mwaka wa uchaguzi, ambapo gari la redio huingia vijijini na watu hulitazama rangi kabla ya maandishi. Wekeni zambarau pamoja na rangi ya udongo mwekundu, kwa mfano, na tuhuma inapungua. Jueni pia kwamba jua la Dodoma hula wino mwekundu haraka kuliko mweusi au bluu. Stika ya nyuma ya bajaji ambayo jina lake limeandikwa kwa nyekundu tupu itakuwa karatasi nyeupe kabla ya mvua zinazofuata.

Kaulimbiu iwe ya maneno machache na itaje jambo ambalo mnalifanya kila siku. Kama mnasoma bei za mazao kila asubuhi, semeni hivyo. Kama hamna jambo la namna hiyo, ni heri mkae bila kaulimbiu mpaka lipatikane.

Hatua ya nane: wafundisheni watangazaji

Andikeni ukurasa mmoja unaoonyesha jinsi jina linavyotamkwa, linavyoandikwa, na mahali linapowekwa: mwanzo wa saa, kabla ya mapumziko ya matangazo, mara baada ya kurudi, na pale mgeni anapotambulishwa. Mtangazaji asilifupishe jina wala kulipamba kwa lafudhi ya Kimarekani katika miezi ya mwanzo, maana wasikilizaji ndio wenye haki ya kulifupisha, na wakishalifupisha wenyewe ndipo mnaweza kulipokea. Wasikilizaji wanaopiga simu wasilazimishwe kuimba kaulimbiu ili wapate zawadi ya vocha. Desturi hiyo hulifanya jina kuwa nauli, na watu hulitaja bila kulisikia.

Majina ya vipindi yapitie njia ileile ya sikio. Kipindi cha asubuhi chenye jina zuri kuliko la kituo kitakimeza kituo, hasa mtangazaji wake akiwa na mashabiki, na siku atakapohamia kwingine ataondoka na vyote. Njia ya kuzuia hilo ni mkataba unaosema wazi kwamba jina la kipindi ni la kituo.

Kwa wanaobadili jina la redio iliyopo

Ulizeni kwanza kama tatizo ni jina au ni vipindi, kwa sababu jina jipya halitibu taarifa ya habari iliyosomwa kutoka kwenye gazeti la jana. Kama kweli ni jina, anzeni na maombi ya mabadiliko TCRA na BRELA, kisha wataarifuni kwa barua watangazaji wa biashara na halmashauri zote mnazofanya nazo kazi. Hati ya malipo iliyoandikwa jina la zamani, na risiti ya kielektroniki yenye jina jipya, vinaweza kukaa kwa mhasibu hadi mwaka wa fedha uishe. Hewani, tumieni majina yote mawili pamoja kwa takribani miezi mitatu, jipya likitangulia, huku mlio wa utambulisho ukibaki uleule, ili msikilizaji asiyefuatilia mitandao ajue kwamba bado yuko kwenye redio yake. Akaunti za zamani msizifute. Zibadilisheni jina, kwa kuwa wafuasi na mazungumzo ya miaka yote yako humo. Mabango ya barabarani yaanze kubadilishwa kutoka nje kuja mjini, Kibaigwa, Manyoni na Kondoa kabla ya Nyerere Square, maana wa mjini atalisikia jina jipya kwa watu kumi, lakini aliyeko pembezoni mwa usikivu ana bango na redio tu.